Kwa wanangu maasista (wahadhiri wasaidizi) wa sheria, Lubumbashi

Wanangu,

Nasikia wengi wenu mnataka kuandika teze, yaani tasnifu ya udaktari, juu ya haki za binadamu na vita dhidi ya ugaidi. Vema. Ila rasimu zinazonifikia karibu zote zinaanzia New York, Septemba 2001, na Kongo inajitokeza ukurasa wa mwisho, kwenye mapendekezo. Mapendekezo hayo hata juri ya watahini huyaruka.

Azimio 1373 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lisomeni, ndiyo. Liliamuru mataifa yote yaadhibu ugaidi bila kusema ugaidi ni nini, na kila serikali ikajaza pengo hilo ilivyopenda. Kisha njooni nyumbani. Kwetu kosa hilo limo katika Sheria ya Adhabu za Kijeshi ya 18 Novemba 2002: vitendo vyenye lengo la kuvuruga vikali utulivu wa umma kwa vitisho au hofu. Sasa jiulizeni nani anaweza kuingizwa humo. Mwanamgambo aliyechoma kijiji, sawa. Na wachimbaji waliogoma, wakafunga barabara ya Likasi na kuvunja magari mawili? Nani anapima huo ukali? Hapo pana teze nzima.

Wekeni kando yake ibara ya 61 ya Katiba ya 2006. Hata nchi ikiwa katika hali ya dharura, haki ya kuishi, kutoteswa, kujitetea na kukata rufaa haziguswi. Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Machi 2024 serikali ikaondoa usitishaji wa kutekeleza adhabu ya kifo uliodumu tangu 2003. Anayeuliza kama fani hii ina kazi Kongo, nimemjibu.

Kuhusu mkate, nisiwadanganye. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulianzisha nafasi ya mtaalamu maalumu wa haki za binadamu katika kupambana na ugaidi. Wa kwanza alikuwa Martin Scheinin, profesa kutoka Finland. Fionnuala Ní Aoláin, profesa naye, aliyeshika nafasi hiyo baadaye, aliingia Guantánamo, gereza la Marekani huko Kuba, Februari 2023. Kazi hiyo haina mshahara! Wanaishi kwa kufundisha, nanyi vilevile, tena kwa mshahara wa asista, ambao mnaujua kuliko mimi.

Mtaitwa watetezi wa magaidi, hata mezani kwa baba mkwe. Mwulizeni kwa upole: akifungwa asiyehusika, muuaji yuko wapi usiku huo?

Kasapa yetu hapa Lubumbashi ina kampasi ya chuo kikuu, ina gereza pia. Ombeni ruhusa, hudhurieni vikao vya mahakama ya kijeshi. Andikeni wakili alipewa jalada lini, mkalimani alikuwepo au hakuwepo, shahidi aliulizwa nini. Majina ya washtakiwa yaficheni.

Anayetaka nimsomee teze aniletee kwanza daftari la kesi moja aliyoisikiliza mwenyewe, kuanzia kusomewa mashtaka hadi hukumu. Jumamosi nipo nyumbani, baada ya saa kumi.