Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: molasi iwe mafuta, mto ubaki mto

Mheshimiwa Waziri,

Nimefanya kazi miaka mingi kando ya matangi ya kuchachushia molasi, na ninataka viwanda vya ethanoli, yaani pombe inayotumika kama mafuta, vijengwe. Ombi langu ni moja: usitie saini leseni yoyote kabla mwombaji hajakuonyesha, kwa michoro na fedha zilizotengwa, maji yake machafu yatakwenda wapi.

Faida ni ya kweli. Molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, karibu nusu ya uzito wake bado ni sukari. Hamira huila, na kwa siku moja au mbili tani moja ya molasi huweza kutoa zaidi ya lita 220 za ethanoli. Halimwi shamba jipya. Brazili ilianza mpango wake mwaka 1975, na leo sheria yao inalazimisha petroli ichanganywe na ethanoli.

Lakini hamira haistahimili pombe kali. Ikifika karibu asilimia 10 hulemewa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichomo tangini ni maji. Ethanoli ikishakenekwa, yaani kutenganishwa na maji kwa kuchemsha na kukusanya mvuke, kila lita moja huacha nyuma lita 10 hadi 15 za vinasi: maji ya kahawia, ya moto, yenye asidi na masalia tele. Yakimwagwa mtoni, bakteria huyashambulia masalia hayo hadi oksijeni inakwisha majini. Nimewahi kusimama ukingoni nikatazama samaki wakielea. Sijasahau harufu ile.

Dawa yake ni vijidudu pia. Vinasi ikifungiwa kwenye matangi yasiyoingiza hewa hutoa methani, gesi inayowaka, ya kuwashia boila, na kinachobaki, chenye potasiamu nyingi, hurutubisha miwa kikimwagwa kwa kipimo. Matangi hayo ni ghali, ndiyo maana wawekezaji huyaandika “awamu ya pili”. Mimi sijaiona awamu hiyo ikifika.

Watakuja pia wenye ahadi za ethanoli ya makapi ya miwa. Inawezekana, ila sukari yake imefungwa ndani ya nyuzi, huhitaji vimeng’enya, yaani protini za kuvunjavunja nyuzi hizo, vya bei, na sehemu yake hamira ya kawaida haili kabisa. Tuanze na molasi.

Sharti la vinasi liandikwe ndani ya leseni yenyewe, Mheshimiwa, na vipimo vya maji yanayotoka vibandikwe kila wiki langoni pa kiwanda, wanaochota maji chini ya mto wavisome.

Wako mtiifu,
Fundi wa uchachushaji