Barua kwa mwanangu: jiinue kwanza, ndipo usome

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku tu wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatisha, "mama niko darasani", na jambo lenyewe si la kusemwa mbele ya watu. Kaka yako amenieleza. Usimnunie, nilimbana mimi mpaka akasema. Kwamba una alama kwenye kalio la kulia tangu wiki ya kwanza, na ukamwambia mama asijue.

Mama asijue! Niliyekiosha kile kidonda chako cha kulalia miezi saba ndiye asijue?

Kabla hujaendelea kusoma, jiinue. Weka barua kando, funga breki za kiti cha magurudumu, ujinyanyue kwa mikono, makalio yaachane na kiti. Kama mabega yanauma, inama mbele kifua kiegemee magoti, ukae hivyo dakika mbili nzima. Yule mtaalamu wa mazoezi alisema kuinama kunaondoa uzito kwenye makalio vizuri, na mabega yako unayahitaji mpaka uzeeni.

Eti ulimwambia kaka yako, "Ni kijialama tu, wala si chekundu." Mwanangu, ngozi yetu haingoji wekundu. Panakuwa peusi kuliko pembeni, au panapiga zambarau, na ukigusa kwa mgongo wa kiganja unakuta pana joto, au pagumu, au palaini kama embe lililoanza kuoza. Hata kule kubonyeza kidole uone kama panapauka, kwa ngozi nyeusi hakutoshi. Gusa. Kile kidonda cha kwanza kwa juu kilikuwa sawa na kifuniko cha soda. Nesi alipoanza kuingiza gozi, kile kitambaa cha kidonda, nilidhani atafika mwisho mara moja. Ikaingia, ikaendelea kuingia, nami nimeshika taa ya simu na mkono unatetemeka. Wewe ulikuwa umelala kifudifudi unaniuliza kama dagaa wamepanda bei. Hukusikia kitu. Hapo ndipo ninapoogopa mimi. Mtu mwingine akikaa vibaya, mwili unampigia kelele anasogea bila hata kufikiri. Wako, tangu uti wa mgongo uumie, haukwambii, kwa hiyo lazima saa ikwambie. Weka simu ilie kila baada ya dakika 15, hata kama mwalimu anafundisha. Akikasirika mweleze, si aibu.

Na lile basi. Kutoka Nyegezi alfajiri mpaka Moshi usiku, kutwa nzima kwenye kiti cha basi. Nilimwona kondakta anausukuma mto wako wa kukalia kwenye buti pamoja na kiti chako. Nilimwona. Watu walikuwa wanapiga kelele gari linachelewa, nikasema moyoni utamwambia mwenyewe, wewe si mtoto. Likizo ukija, mto unakaa chini yako hata basi lisipoondoka.

Nikikwambia usiku ugeuke kila baada ya saa mbili, usidhani ni maneno ya mama mwenye wasiwasi. Unakumbuka ile habari ya daktari Guttmann, aliyefungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944? Kabla ya hapo askari wengi walioumia hivyo walikuwa wanakufa, na kilichowaua si ule mgongo. Ni vidonda na maambukizi ya mkojo. Yeye akaamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na wakaishi, na miaka minne baadaye baadhi yao walikuwa wanashindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti. Mimi niliisikia habari hiyo ukiwa umeshapata kidonda. Tulipotoka hospitali niliambiwa nikugeuze, lakini ulikuwa hulali, na usiku ukipata usingizi nikawa naona dhambi kukuamsha. Nakaa pembeni nakutazama unavyopumua, nasema leo apumzike. Usiku tatu au nne hivi.

Basi wewe usijionee huruma kama nilivyokuonea mimi. Geuka.

Maji unakunywa? Najua hunywi, unakwepa choo cha chuo. Ukipunguza maji, mkojo unakaa, vijidudu vinazaana, halafu homa. Mpira wako wa kutolea mkojo utumie kwa saa zake, mara nne mpaka sita kwa siku, na mikono ioshwe kwa sabuni kwanza. Tena usipakate sufuria wala bakuli la uji wa moto mapajani, hata kwa hatua mbili.

Shangazi yako amekuja hapa kuuliza kama nimeshakubali "hali halisi". Nikamwambia hali halisi ni kwamba mtoto wangu anasoma uhasibu Moshi, anajihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kushikwa na mtu, na hesabu za biashara yangu anazifanya kwa simu akiwa hukohuko. Akanyamaza. Kina mama wa soko la Mwaloni wanakusalimia sana, wanataka kujua unarudi lini. Tangu uumie, kwenye malori ya dagaa sipandishi tena mtu juu ya magunia, hata kijana akinibembeleza. Nalipa nauli ya ndani.

Baba yako amemaliza mteremko wa mlango wa choo. Fundi alitaka kuufanya mkali ili aokoe saruji, baba yako akamkatalia, akapima kwa futi mwenyewe: kupanda sentimita 1, kwenda mbele 12. Kizingiti kina sentimita 15, kwa hiyo umekwenda sentimita 180 na umemeza kitalu changu chote cha mchicha. Sijalalamika. Mdogo wako ameshauteremka kwa baiskeli na kuchubuka goti.

Hela ya mwezi huu itachelewa kidogo. Mbalamwezi imekuwa kali, mitumbwi haikutoka, na wale dagaa waliopatikana mwisho wamelowa kwenye chanja. Giza likirudi nitatuma. Ila kilo tatu za wakavu nimekufungia, zinakuja na gari la keshokutwa. Kula, usigawe zote. Kula na maharage na mayai ukipata, maana ngozi haijijengi kwa chai na andazi.

Jiinue tena. Najua hukujiinua tangu kule juu.

Sasa nataka hivi. Leo jioni lala kifudifudi, mwombe mwenzako wa chumbani apige picha pale mahali, umtumie kaka yako, nami nitaangalia kwa simu yake. Kesho uende hospitali ya KCMC, ipo hapohapo Moshi, waangalie alama na waangalie mto, maana nadhani umeshabonyea. Mpaka waseme, usikalie upande huo, hata kama ni kukosa darasa siku mbili. Kioo cha kujikagulia nilikifunga ndani ya ile kanga ya bluu, chini kabisa ya begi. Usiniambie hukukiona.

Mama yako