Ufike Kabla ya Arobaini

Bombo, Jumapili jioni

Mwanangu Zaitun,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, mguu wa baba yako umepata nafuu, na mvua imeanza. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilisoma kwa sauti ili baba yako asikie. Hakusema kitu. Alikwenda kuswali, akarudi, akauliza, "Sasa atakula nini?" Swali lake ni la haki, nitalifikia.

Unasema mkataba wa benki ukiisha hutaki mwingine, unataka kuandika maisha ya wanawake wasanii na waandishi ambao watu wamewasahau. Ami yako aliposikia alisema huko ni kuchungulia vyumba vya watu. Mimi nimeingia vyumba vya watu miaka kumi na tisa, ufagio mkononi, kwa hiyo katika hili nina la kusema.

Unakumbuka nilivyokuwa nikipanda taksi ya kwanza kutoka hapa, nashuka Wandegeya, Kampala, kukiwa bado giza, napanda kilima hadi Mary Stuart Hall, bweni la wasichana la Chuo Kikuu cha Makerere, kabla hawajaamka. Humo mna mchoro wa ukutani. Nilipiga deki karibu nao nikiwa na mimba yako, mwezi wa saba, wa nane, nikichoka nauegemea ufagio na kuutazama. Sikuuliza aliyeuchora ni nani. Nilidhani ni Mzungu, au mwanamume fulani wa zamani. Ni wewe uliyeniambia, ukiwa mwaka wa pili, kwamba ni kazi ya Theresa Musoke, binti wa hapa hapa Uganda aliyesomea sanaa Makerere miaka ya 1960, na kwamba mchoro unahusu kuzaliwa. Siku ile nililia jikoni, ukadhani nimepata habari ya msiba. Nililia kwa sababu nilikubeba miezi yote ile mbele ya mchoro wa kuzaliwa, na sikujua hata kwamba mkono uliouchora ni wa mwanamke.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijakueleza. Kila muhula ulipofungwa, wasichana walibeba nguo, masufuria na magodoro, karatasi wakaziacha. Madaftari, barua, mashairi yaliyoandikwa nyuma ya ratiba za mitihani, michoro ya penseli. Sisi wafagiaji tulizitia kwenye magunia, tukazipeleka kuchomwa. Nimechoma magunia mangapi, Zaitun? Sikuwa najua nachoma nini. Nami sikuwa mkatili, nilikuwa nafanya kazi yangu vizuri. Mwanamume mwenye jina akifa, mtu hufunga chumba chake kwa kufuli. Mwanamke akifa, siku ya arobaini wanagawana kanga na vyombo, karatasi zikabaki za kuwashia jiko. Kwa hiyo, kabla hujakwenda kwenye hifadhi za nyaraka, nenda nyumbani kwa mtu. Ufike kabla ya arobaini. Na usiishie kwa watoto wake waliosoma. Muulize aliyekuwa akifua, aliyekuwa akifagia, dada mdogo ambaye hakuolewa. Huyo ndiye anayejua sanduku liko chini ya kitanda gani.

Ulinisimulia habari za Rosemary Karuga, yule Mkenya aliyeingia Makerere mwaka 1950 na kuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa pale. Akarudi kwao, akafundisha shule miaka na miaka. Katika miaka ya 1980, umri umekwenda na pesa ya rangi hana, akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo, akazibandika mpaka zikawa kuku, wanawake, mashamba. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, kule New York. Alifariki Ireland mwaka 2021, akiwa na zaidi ya miaka tisini.

Habari hiyo imekaa nami sana. Karatasi za sabuni ndizo hasa nilizokuwa nikizizoa bafuni kila asubuhi! Lakini kinachonisumbua zaidi ni ile miaka ya katikati. Watu wakimsimulia husema alisoma, akafundisha, kisha akaanza kubandika karatasi. Hiyo "akafundisha" ni zaidi ya miaka thelathini. Mikono yake ilikuwa inafanya nini jioni? Alichora ubaoni kwa chaki, akafuta? Alishona nguo za watoto wake kwa namna ambayo jirani aliitambua? Ukiandika maisha ya mwanamke, usiiruke miaka hiyo kwa sentensi moja. Keti humo. Mimi naamini kitabu chenyewe kiko humo, hata kama utakaa mwaka mzima ukitafuta kurasa kumi.

Jambo la majina pia. Elvania Namukwaya Zirimu, Mganda mwenzetu, aliandika tamthilia, akaigiza, akaanzisha kundi la Ngoma Players, na alikufa katika ajali ya gari mwaka 1979. Mumewe Pio, msomi mkubwa, alikuwa ametangulia miaka miwili nyuma, huko Lagos. Taja Zirimu mbele ya watu waliosoma uone wangapi watamwaza Pio kwanza. Basi wewe mwandike kwa ukamilifu, Namukwaya liwepo, kwa sababu mwanamke mmoja anaweza kuwa na jina la kwao, la ubatizo na la mume, na karatasi zake zikawa chini ya lile ambalo hukulitafuta. Na mwaka ule wa 1979 usiupite haraka. Ndio mwaka Idi Amin alipoangushwa, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja tulipokimbia Bombo kwenda Sudan. Bibi yako aliacha tabaga zake zote, zile za kufunikia chakula, zenye rangi alizochanganya mwenyewe. Tuliporudi, ukuta ulikuwepo, tabaga hazikuwepo, na hadi leo hakuna mtu mwingine Bombo anayeipata ile nyekundu yake. Ni nyumba ngapi nchi hii zilipoteza karatasi namna hiyo?

Baba yako nilimkumbusha Siti binti Saad, maana anampenda. Binti wa Fumba, aliyekuwa akitembeza vyungu Unguja, sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Na aliyeketi kuandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mtu ambaye angeweza kuandika habari za masultani tu na bado akaheshimiwa. Baba yako alinyamaza, kisha akasema, "Haya." Kwake hiyo ni baraka.

Utakula nini, basi. Kitabu cha namna hii huchukua miaka, na wachapishaji wetu si matajiri. Usiiache benki kabla ya kuwa na akiba ya kodi ya mwaka mzima. Chukua vipindi vya jioni, fasiri nyaraka za mashirika, usione haya. Na yule wakili wa msikitini amenieleza kwamba kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2006, haki ya kuchapisha barua za mtu ni ya aliyeziandika, na akifa ni ya warithi wake kwa miaka 50. Kwa hiyo pata ruhusa kwa maandishi, yenye sahihi, kabla hujanukuu hata mstari. Familia itakuomba ufiche mambo. Mengine yafiche, kama ya mtu aliye hai. Lakini usimfanye marehemu malaika ili wakupe chai. Malaika hahitaji mtu wa kumwandika.

Nimekutumia bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi moja niliyoitoa kwenye gunia mwaka uliozaliwa, sijui kwa nini hiyo peke yake. Ni mikono miwili inasuka nywele za mtoto, kwa penseli. Nyuma kuna herufi N na nambari ya chumba, 214. Dereva Hamisi atakuwa stendi ya Wandegeya Jumanne saa nne. Nauli ya mzigo nimeshamlipa.

Mama yako