Mkimya naye anaweza kufundisha

Mhariri,

Siku hizi kijana wa kidato cha nne, kabla hajachagua tahasusi, anajibu kwanza yale maswali ya kwenye simu yanayogawa watu katika aina 16 za haiba. Mpwa wangu kaambiwa ni mkimya, basi ualimu haumfai, atafute kazi ya mahesabu. Na kaamini!

Mgawanyo huo asili yake ni Marekani, kwa Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, waliofuata mawazo ya Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi. Mama na binti hao hawakusomea saikolojia. Tena wengi wakirudia maswali baada ya wiki chache hupata aina nyingine.

Mimi ni mkimya na nafundisha fizikia. Nikiuliza swali nasubiri, hata dakika nzima, na mara nyingi anayejibu ni yule wa dawati la nyuma. Kinachonichosha ni vikao vya walimu, wala si darasa.

Walimu wa ushauri nasaha wawapeleke wanafunzi wakashinde zahanati, gereji au benki kabla ya kujaza fomu. Nauli ya daladala inatosha.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro