Barua ya wazi kwa mjomba aliyenipa CD asiyoitaka

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, na anauliza kama ile dawa ya magoti umeanza kuitumia au bado iko kwenye mfuko.

Nimeamua kukuandikia hadharani jambo ambalo tumelibishania kwa simu miaka nenda miaka rudi. Kwenye simu huwa sifiki mwisho. Wewe unasema "mwanangu, wale si wale tena," mimi nanyamaza kwa heshima, tunahamia habari za mashamba. Halafu najua si wewe peke yako. Wako wengi walioiacha They Might Be Giants, ile bendi ya Marekani, pale pale ulipoiacha wewe, kwenye albamu ya Mink Car ya mwaka 2001, na wako wengine ambao hapo ndipo walipoipenda. Mimi ni wa kundi la pili, na kosa, kama ni kosa, ni lako, kwa sababu CD niliyo nayo ni yako.

Ngoja nirudi nyuma, ili usidhani nimesahau nilivyoanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa Massachusetts, mchana unasoma, usiku unapanga maboksi kwenye ghala. Ndipo ukawa unapiga simu Brooklyn. Upande wa pili hakuna mtu, kuna mashine ya kupokea simu, na mashine inaimba. Mara ya kwanza uliponisimulia sikuamini. John Flansburgh na John Linnell, wenye bendi hiyo, walikuwa wameanzisha jambo hilo, Dial-A-Song, katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Linnell alikuwa amevunjika kifundo cha mkono kwa ajali ya baiskeli, Flansburgh alikuwa ameibiwa nyumbani kwake, na maonyesho yakawa hayawezekani. Basi wakaweka nyimbo kwenye mashine na kutangaza namba gazetini, na tangazo likasema ni bure ukipiga ukiwa kazini. Wewe neno hilo ulilifuata kama lilivyo. Ulisimama na mkonga wa simu ya ghala sikioni, ukasikiliza wimbo wa dakika mbili, ukarudi kwenye maboksi. Na siku nyingi laini ilikuwa imeshikwa, maana mashine ilipokea mtu mmoja tu kwa wakati.

Halafu ukatutumia kanda. Ile ya Flood, ya mwaka 1990, ilifika Tanga mikononi mwa mgeni, imeviringishwa ndani ya soksi. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilielewa kodiani. Uliniandikia barua kunieleza kwamba katika "Birdhouse in Your Soul", wimbo ule wa kibanda cha ndege ndani ya roho, anayeimba ni taa. Taa ndogo ya ukutani, ile inayoachwa ikiwaka usiku ili mtoto asiogope giza. Mjomba, mimi ndiye niliyekuwa naogopa giza nyumba nzima. Tangu siku ile watu hawa walikuwa wangu.

Sasa nikukumbushe ulichoniambia mwaka 1995, ulipokuja likizo. Kwa miaka kumi walikuwa watu wawili tu: gitaa, kodiani, saksafoni, na ngoma zinazotoka kwenye mashine na mkanda. Mwaka 1992 wakaanza kuzunguka na wapigaji kamili, na mwaka 1994 wakatoa John Henry, albamu ya kwanza waliyoirekodi na bendi nzima. Jina lenyewe ni la yule mpasua miamba wa hadithi za Marekani aliyeshindana na mashine. Wapo mashabiki waliokasirika. Waliona wametupwa, kana kwamba mpiga ngoma wa kweli ameingia kuvunja ndoa ya watu. Wewe, tumekaa barazani kwa Bibi, uliniambia: "Hawa wanalilia mashine, na waimbaji wenyewe wako hai." Ukaniambia pia kwamba Bibi naye aliwahi kununa taarabu ilipoanza kupigwa kwa kinanda cha umeme badala ya fidla, mpaka siku moja akashikwa akiimba kiitikio jikoni.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Maneno yale niliyashika kuliko mengi niliyofundishwa shuleni.

Ndiyo maana mwaka 2002, uliporudi moja kwa moja na masanduku yako, nilishangaa. Ulifungua boksi la CD, ukatoa moja, ukasema: "Chukua hii, mimi sina haja nayo." Haikuwa na hata alama ya kidole.

Nakujua vizuri, kwa hiyo najua hukuitoa kwa kiburi. Albamu ile ilizaliwa siku mbaya. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2001, kuamkia siku ya kutoka, walipiga muziki kwenye duka la Tower Records hapo hapo New York, mashabiki wakanunua nakala zao na kwenda kulala. Kulipokucha ilikuwa Septemba 11. Siku hiyo hiyo zilikuwa zinatoka pia albamu za Bob Dylan na Jay-Z, lakini hizo zilikuwa na nguvu ya kusubiri dunia itulie. Hii ilikuwa ya bendi iliyokwisha achana na kampuni kubwa ya Elektra na sasa iko Restless, kampuni ndogo. Hata CD yenyewe ikaja kuwa ngumu kupatikana kwa miaka. Ulinieleza kwamba uliinunua Jumamosi iliyofuata kwa sababu ulishajiahidi, ukaisikiliza mara moja, ukaitia kwenye droo. Watu wanaimba kuhusu nywele za kwenye paji la uso, na kwenye televisheni mji mzima unafuka moshi. Hapo siwezi kukulaumu hata kidogo.

Lakini hoja zako nyingine hazikuhusu siku ile. Ulisema albamu haina kitovu. Ulisema imepikwa na wapishi wengi. Ulisema nyimbo kadhaa ulishazisikia, tena zikiwa bora zaidi.

Hii ya mwisho nakubaliana nawe. Tangu Factory Showroom ya mwaka 1996 walikuwa hawajatoa albamu mpya ya studio dukani. Katikati walitoa Long Tall Weekend mwaka 1999, kwa intaneti tu, kama mafaili ya MP3, wakati watu wengi hata hawakujua muziki unaweza kuuzwa hivyo. "Older" ulikuwa humo tayari. "She Thinks She's Edith Head" pia. Na ule wimbo wa busu la kwanza ulikuwa kwenye albamu ya jukwaani ya mwaka 1998, unakimbia, gitaa zimepamba moto. Kwenye Mink Car wameupunguza mwendo na kuulainisha mpaka umekuwa wa kusindikiza chakula cha jioni. Mimi pia naupenda ule wa kwanza. Msikilizaji wa karibu kama wewe, aliyefuatilia kila kitu, alikuta amenunua vitu alivyokuwa navyo. Na kuhusu wapishi: ni kweli, kuna Clive Langer na Alan Winstanley, Waingereza waliotengeneza albamu za bendi ya Madness, kuna Adam Schlesinger wa Fountains of Wayne, kuna Pat Dillett, na kila mmoja ana mkono wake, unausikia. Nyimbo 17, na ukihama wimbo mmoja kwenda mwingine ni kama umehama chumba. Ule wa nne, alioshiriki mwimbaji Mike Doughty, mimi huuruka hadi leo.

Sasa nisikilize mimi, Mjomba. Mimi sikuwa na Long Tall Weekend. Tanga ya mwaka 2002 mtu akashushe MP3 wapi? Kwangu kila wimbo ulikuwa mpya. Nilikuwa na vipokea sauti vya kuazima na mashine ya CD ya jirani, na sikuwa na pa kuupimia wimbo ila wimbo wenyewe. Basi nikasikia vitu ambavyo naamini hukuvipa nafasi.

Wa tatu, "Man, It's So Loud in Here". Uliuita muziki wa disko la watoto. Ni kweli ni disko, vinanda vya umeme na ngoma za mashine tangu mwanzo hadi mwisho. Ila anayeimba humo ni mtu aliyekuja mahali alipopazoea, ana jambo la kusema, na kelele zimemzidi, hasikiki. Mahali ni pale pale na yeye amekuwa mgeni. Mjomba, huyo ni wewe na albamu hii! Walikuwa wamekuandikia wimbo, wakaupigia muziki ule ule unaokukera, ili uusikie kutoka ndani. Na hizo ngoma za mashine ambazo watu waliomboleza mwaka 1994, hapa zimerudi, na wengi hawakuzitambua kwa sababu zimekuja na nguo nyingine.

Kisha ule wa "Wicked Little Critta". Huu nashindwa kabisa kuelewa uliupitaje. Flansburgh na Linnell wamekulia Lincoln, Massachusetts, karibu na ulipokuwa unaishi, na albamu yao ya mwaka 1988 waliipa jina la mji huo, albamu unayoiweka juu ya zote. Humu wameachia lafudhi ya kwao bila breki. Hata jina limeandikwa kama linavyotamkwa huko, "critter" imekuwa "critta", herufi r ya mwisho imemezwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukituvunja mbavu sebuleni kwa kumwigiza msimamizi wako wa ghala anavyoita gari lake! Nilipousikia wimbo huo mara ya kwanza nilisimamisha CD nikacheka peke yangu, kwa sababu niliyemsikia ni wewe.

Na sasa niseme lile ambalo kwenye simu huwa nalikwepa.

Unakumbuka mwaka 2009 Baba alipopata kiharusi. Ulikuja, ulikaa naye wiki mbili, ulimnyoa ndevu. Ulipoondoka nikawa mimi ndiye wa usiku. Mkono wake wa kulia ulikuwa pale juu ya shuka, mzima, una joto, na haumsikii. Alikuwa anautazama. Hakuwa analia, alikuwa anautazama tu, kama mtu anayemwita mtoto na mtoto hageuki. Usiku mmoja, amelala, niliweka CD yako kwa sababu ilikuwa ndiyo iliyokuwemo kwenye mkoba. Ikafika "My Man". Nilishausikia mara mia na nilidhani ni ugomvi wa marafiki wawili. Usiku ule nikasikia mtu anayetoa amri kwa mwili wake mwenyewe, na mwili hauitiki. Wimbo umetulia, sauti haipandi, hauombi huruma ya mtu. Nikauangalia ule mkono juu ya shuka. Kisha ukafuata "Older", unaosema tu kwamba umezeeka kuliko ulivyowahi kuwa, na sasa umezeeka tena zaidi, na katikati unanyamaza kidogo, saa ikiendelea kwenda. Sikulala. Nilizirudia hizo mbili mpaka adhana ya alfajiri.

Kwa hiyo ukiniambia albamu ile haina kitovu, mimi kitovu chake nimekiona. Kiko katikati, nyimbo mbili zimelaliana, na ukiisikiliza mara moja Jumamosi ukaitia kwenye droo hukifiki.

Wala siko peke yangu. Wapo waliokuwa vijana wakati ule, walioijua bendi kupitia wimbo wa mwanzo wa Malcolm in the Middle kwenye televisheni, ule uliowapa Grammy yao ya kwanza mwaka 2002. Hao hawakuwa na kanda kwenye soksi wala mashine ya Brooklyn. Mink Car ndiyo iliyokuwa mlango wao, na wanaitetea kama wewe unavyoitetea Lincoln. Mwaka 2011, ilipotimia miaka kumi, wasanii wanaoipenda waliirekodi upya albamu nzima, kila mmoja na wimbo wake, na mapato yakaenda kwa mfuko wa zimamoto wa New York. Mjomba, tafadhali litafakari hilo. Ilitoka siku ile iliyoua mamia ya wazimamoto, ukashindwa kuisikiliza kwa sababu ya siku ile, na watu wengine wakaishika kwa sababu hiyo hiyo.

Sikuombi uipende yote. Ule wa nne uruke, na ule wa busu nitakuwekea wa mwaka 1998, ninao. Nakuomba dakika arobaini na kitu za kukaa kitako, bila simu na bila kunihadithia ya kale kabla wimbo haujaisha.

Nakuja Tanga wiki ya pili ya mwezi ujao pamoja na watoto. CD ninayo, ina mkwaruzo mmoja lakini hairuki. Ile redio yako ya mezani bado inasoma CD? Kama imeshakufa niambie mapema, nitabeba ya kwangu.

Mpwa wako