Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya sikukuu za kitaifa: tupeni Aprili 6

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, Aprili 6 imepita tena kimya. Kila tunapouliza lini itakuwa sikukuu ya kitaifa ya kukumbuka kufutwa kwa utumwa, tunajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Na nani? Tangu lini?

Aprili 6, 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoufutia utumwa uhalali wake Unguja na Pemba. Tunaomba siku hiyo, wala si Juni 5. Mkataba wa Juni 5, 1873 wa Sultani Barghash ulifunga soko la watumwa la Mkunazini na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, basi. Waliokwisha kununuliwa walibaki kwenye mikarafuu ya mabwana zao miaka 24 zaidi. Hatuwezi kuadhimisha soko kufungwa ilhali mtumwa bado ni mtumwa.

Amri ya 1897 nayo isipambwe. Haikumfungua mtu, ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Fidia akalipwa bwana. Aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe makazi na riziki yake, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Bara ilingoja hadi 1922! Mtoto wa shule akiambiwa tu kwamba utumwa ulikoma 1873, amedanganywa, na hilo linatuuma.

Njia ya kisheria ipo. Agosti 23, 2022, siku ya Sensa, Rais aliitangaza kuwa ya mapumziko. Lakini tangazo la namna hiyo huisha na siku yake. Sikukuu ya kila mwaka lazima iingizwe kwenye orodha ya Sheria ya Sikukuu, Sura ya 35, na itangazwe mapema, kabla kalenda hazijachapwa na mihula ya shule haijapangwa. Ikichelewa, mwaka mzima umepotea.

Wanaosema itagongana na Siku ya Karume, Aprili 7, watazame Desemba 25 na 26. Zinafuatana kila mwaka na nchi inakwenda.

Tangu 2006 njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, Ujiji hadi Bagamoyo, kupitia Kwihara, Kilimatinde, Mpwapwa na Mamboya, imo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni Serikali yetu iliyoipeleka huko. Njia tumeikumbuka, Mheshimiwa. Waliotembezwa humo na minyororo shingoni hawana hata siku moja.

Tunaomba Aprili 6. Iingizwe kwenye Sheria mwaka huu.