Risala ya Klabu ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Mheshimiwa, klabu yetu inaokoa vitabu na disketi za kompyuta za zamani, yaani vile vibamba vya kuhifadhia programu na kazi, nayo imezaliwa na karanga. Miaka miwili iliyopita mwenzetu alinunua karanga za shilingi mia mbili nje ya geti, akakuta karatasi iliyofungiwa ina maelezo ya amri ya FORMAT ya MS-DOS, programu endeshi ya kompyuta za zamani. Tulimfuata mama muuza karanga, naye bila hiyana akatuonyesha boksi zima la vitabu vya mwongozo wa kompyuta, vilivyouzwa kwa kilo baada ya ofisi moja hapa Tanga kusafisha stoo. Tukachanga, tukanunua vilivyobaki. Ndani ya boksi hilo, chini kabisa, kulikuwa na disketi 61.

Wageni wengi wakifika kwetu hupiga picha na zile kompyuta nne za msaada. Hatuwakatazi, ila mashine ndiyo isiyotunyima usingizi. Kompyuta za zama za IBM PC, iliyotoka mwaka 1981, nyingi hazikuwa hata na diski ya ndani. Bila disketi mashine kama hiyo haifanyi kazi ya maana, na bila kitabu hujui uiandikie nini.

Disketi zetu ni za aina mbili: zile laini za inchi 5.25 zinazobeba kilobaiti 360, na zile ngumu za inchi 3.5 zenye megabaiti 1.44, yaani hazitoshi hata picha moja ya simu ya leo. Adui yetu ni unyevu wa pwani. Ukisogeza kile kibati cha disketi ngumu na kuuzungusha utando kwa kidole, utaona madoa meupe kama unga wa muhogo. Huo ni ukungu. Ukiiingiza hivyo hivyo, ukungu unaganda kwenye kichwa cha kusomea, na kichwa kinaikwaruza disketi hiyo na ya baada yake. Kwa hiyo tunafuta polepole kwa pamba ya masikio na spiriti, tunaacha ikauke, tunafungua kitundu cha kuzuia kuandikwa, ndipo tunasoma.

Mwanzoni tulikosea. Tulinakili mafaili tu, kumbe sehemu inayoiamsha kompyuta haionekani kwenye orodha ya mafaili. Nakala zetu zikagoma kuwaka. Siku hizi tunachukua disketi nzima, sekta kwa sekta, yaani kipande kwa kipande, na ile ya kilobaiti 360 isipotimia baiti 368,640 tunarudia. Hata wakubwa huteleza: mwaka 2024 Microsoft na IBM walipotoa hadharani msimbo wa MS-DOS 4.00, yaani maandishi yanayounda programu hiyo, wajuzi walilalamika kwamba tarehe za mafaili zilipotea na baadhi ya herufi ziliharibika wakati wa kuyapakia. Tulifarijika kidogo, tunakiri.

Lakini Mheshimiwa, MS-DOS ina walinzi wengi duniani. Kilicho chetu peke yetu ni disketi moja yenye lebo ya kalamu: MISHAHARA JUNI 91. Ndani yake mna programu iliyoandikwa na mhasibu fulani kwa dBASE, mfumo wa zamani wa kutunza kumbukumbu, na katikati ya msimbo ameweka mstari huu: "usiguse hapa, niulize kwanza." Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lilichukua miaka mingi kulegea. Kazi kama ya mhasibu huyu zilikuwa chache tangu mwanzo, na hakuna makumbusho ya Marekani wala Uingereza yatakayotutunzia. Majina na mishahara ya watu tumeyafungia. Tunachoonyesha ni programu tu.

Changamoto zetu ni za kawaida. Kisomeo cha disketi za inchi 5.25 tunacho kimoja, na kikifa ndio basi, kwa sababu vile vya USB vinavyouzwa madukani husoma za inchi 3.5 tu. Vitabu tunavipiga picha kwa simu ya mwalimu mlezi, akiwa hana vipindi.

Tunaomba skana, na kabati lisilopitisha unyevu. Ombi la tatu halina gharama, nalo ndilo tunalolitaka zaidi: ofisi za wilaya zinapoorodhesha vifaa chakavu kwa ajili ya mnada, disketi na vitabu havimo hata kwenye orodha, vinatupwa tu. Tuitwe kabla ya siku hiyo. Tutakuja na mikokoteni yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukitoka hapa tunakuomba ufike kwenye meza yetu uone programu ya mhasibu ikifanya kazi. Karanga zipo. Tumezifunga kwa karatasi za madaftari.

Ahsante kwa kutusikiliza.